Pete ya Usingizi na Safari za Wamaza

Sauti ya kwanza iliyonitisha ilikuwa kama ya mtu anayetoka majini. Niliisikia alasiri moja ya kiangazi, nikiwa nimeketi kibarazani kwa nyumba yetu ya Kasongo, nikichunga mpunga ulioanikwa uani huku nikisahihisha sura ya pili ya tasnifu yangu. Mama alikuwa amejilaza kwenye mkeka sebuleni, mlango ukiwa wazi. Alikoroma mkoromo wake wa siku zote, usio na makuu, ambao sikio langu lilikuwa limeacha kuusikia tangu utotoni. Kisha hewa ikavutwa kwa nguvu, kwa kukwama, kama ya mtu aliyezama akafanikiwa kukiinua kichwa. Ndipo nilipotambua, kwa kurudi nyuma, kwamba kabla ya sauti ile palikuwa na kimya, na kwamba kimya kile kilikuwa kirefu kupita kiasi.

Niliinuka, kalamu ingali mkononi. Nilipofika mlangoni Mama alikuwa amekwisha kufumbua macho.

"Kuku haziko mu mupunga?" aliniuliza.

Kuku walikuwamo. Nikarudi kuwafukuza, na kwa muda wote wa kuwafukuza nikajiambia kwamba nilisikia vibaya.

Mtu mwingine angeliacha jambo hilo pale uani pamoja na kuku. Mimi siwezi. Mwalimu anayesimamia utafiti wangu kule Bukavu aliwahi kuandika pembeni mwa ukurasa wangu mmoja kwamba ninajitahidi mno kufunga milango ambayo hakuna mtu aliyekusudia kuipitia. Ninasoma udongo: unyevu wake, uchachu wake, kinachoupotea pale shamba linapolimwa mwaka baada ya mwaka bila kupumzishwa. Kazi hiyo imenizoeza kutoamini kitu kilichotokea mara moja. Basi tangu siku hiyo nikawa ninahamishia kiti changu karibu na mlango kila Mama alipolala mchana, nikijifanya kwamba nakwepa jua.

Sauti ile ilirudi. Na kila iliporudi, ilitanguliwa na kile kimya.

Kidoleni kwangu wakati huo nilikuwa na pete ya kupima usingizi. Nilipewa na rafiki niliyesoma naye, ambaye alipata nafasi ya masomo ng'ambo. Alipokuja likizo na kuniona jinsi nilivyokonda, aliivua kwake akanivisha. Ilikuwa pete nyeusi, nene kuliko pete ya ndoa, yenye vitaa vidogo upande wa ndani vinavyomulika ngozi. Kwa mwanga huo husoma mapigo ya moyo, joto la mwili na hewa iliyomo damuni, na asubuhi huipelekea simu yale yote iliyoyakusanya. Simu nayo huchora mistari, kisha huupa usingizi wako alama, kama mwalimu anayesahihisha imla.

Nilikuwa sipati usingizi tangu Baba alipofariki. Alikuwa amekwenda Kabambare kwa kaka yake kwa ajili ya shauri la ukoo, nami nilikuwa Bukavu, katikati ya mitihani. Baba mkubwa ndiye aliyenipigia simu. Hakuzunguka, alisema, "Mama, baba yako ametuacha," kwa kuwa mimi nilipewa jina la mama yao na yeye hajawahi kuniita vinginevyo. Barabara ilikuwa mbaya, nilifika matanga yakiwa yamekolea na kaburi likiwa limekwisha kufunikwa. Tangu hapo namba ya baba mkubwa imekaa katika simu yangu bila kuguswa. Nilijua kwamba namba haina hatia. Hata hivyo kidole changu kiliiruka kila mara, kama mtu anayeruka ubao uliooza darajani.

Pete ilinisaidia kwa namna moja na kunidhuru kwa nyingine. Ilinisaidia kwa kunipa kitu cha kutazama asubuhi badala ya dari. Ilinidhuru kwa sababu nilianza kuitii. Niliweza kuamka nikiwa mwepesi, nikasoma alama ndogo, na papo hapo miguu ikawa mizito. Siku nyingine ilinipongeza kwa usingizi mzito wakati nilikuwa nimelala macho wazi tangu jioni hadi jogoo, bila kujigeuza, nikiutazama ukuta. Kwa pete, mtu asiyejitikisa amelala. Nilipaswa kuiacha hapo. Badala yake nilianza kujiuliza kama labda yenyewe ndiyo iliyokuwa sahihi, na kwamba ule ukuta niliuota.

Hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kuhitaji alama ili ajue amelalaje. Nilipokuwa mtoto, kabla ya kuhamia Kasongo, tulikaa Kabambare, katika nyumba ya matofali mabichi nyuma ya shule ambako Baba alifundisha. Asubuhi tulizunguka moto, ukungu ungali umelala juu ya mashamba ya mpunga, sufuria ya chai ya mchaichai ikichemka, na viazi vitamu vikingoja majivuni. Viazi havikuguswa kabla Baba hajamaliza kuuliza. Aliuliza kwa umri, kuanzia mkubwa hadi mdogo: "Umelalaje?" Jibu la "muzuri" peke yake hakulipokea. Alitaka sababu. "Muzuri, lakini mudogo wangu alinipiga teke." "Mubaya, juu panya ilikuwa inakula kikapo." Kila jibu alilipa uzito wake, akakunja uso penye panya, akacheka penye teke, na aliyekuwa ameota ndoto aliisimulia yote hata kama chai ilipoa.

Mama alikuwa wa mwisho, na hakujibu mwenyewe. Baba alijibu kwa niaba yake.

"Mama yenu alienda tena Wamaza," alikuwa akisema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya mkutano. "Nilimukuta kwa muto. Nikamushika bega, nikamurudisha."

Wamaza ndiko Mama alikozaliwa. Tulicheka kila mara, kama watoto wanavyocheka jambo wanalolijua mwisho wake.

"Mama, ulituletea nini?" tulimuuliza.

"Ningeleta njugu," alijibu, akipuliza chai yake, "lakini baba yenu ananirudisha mbele ya kufika. Ni mutu wa wivu."

"Wivu wa nini? Mutu anaenda kwao bila kuaga."

"Nikuage namna gani na wewe unakoroma?"

Mimi nilikuwa mtoto wa kuhakikisha. Nilipokuwa na umri wa miaka sita hivi, nilimwendea Mama alipokuwa akitwanga nikainama kuzikagua nyayo zake, nitafute tope la mto. Aliniacha nimalize ukaguzi. Kisha akaniambia kwamba amekwisha kunawa, na nikaridhika, kwa kuwa jibu lile lilikuwa na mantiki.

Ninayaandika haya kwa utaratibu kwa sababu, wakati nikihamisha kiti changu karibu na mlango ule wa Kasongo, sikuyakumbuka hata kidogo. Nilikumbuka viazi na ukungu. Nilikumbuka sauti ya Baba na jinsi alivyokunja mikono ya shati lake kabla ya kunywa. Yale maneno yenyewe yalikuwa yamekaa karibu mno kuonekana.

Badala ya kukumbuka, nilipima. Jioni moja, baada ya chakula, nilimwomba Mama aivae pete.

"Kitu inakuangalia usingizi inaniangalia mie juu ya nini? Mie nalala," alisema.

"Nataka kujua tu, Mama."

"Wewe unataka kujua tangu nilipokuzaa."

Lakini alinipa mkono. Vidole vyake, vilivyonenepeshwa na mpini wa jembe, viliikataa pete kimoja baada ya kingine. Kwenye cha mwisho cha mkono wa kulia ikapwaya. Tukahamia mkono wa kushoto. Ilipofika kwenye kidole cha pete iliteremka bila ubishi, ikatulia juu ya ule ufinyo laini ambao pete ya ndoa ilikuwa imeuchimba kwa miaka mingi. Sote wawili tuliutazama mkono ule uliokuwa kwenye mwanga wa taa ya sola. Kisha Mama akaukunja, akaukunjua, akasema ni nyepesi kuliko ile ingine.

Hapo ndipo lilipoingia kosa ambalo, nadhani, lisingetokea mahali pengine. Katika ukoo wa baba yangu, matanga yanapoondolewa, mjane huivua pete yake mbele ya watu, akaiweka juu ya mchele katika sahani, na sahani ikakabidhiwa kaka mkubwa wa marehemu. Maana yake ni kwamba hana mume tena lakini nyumba anayo, na wenye nyumba bado ni wakwe zake. Akitaka kuolewa upya, hakatazwi. Ila mwanamume huyo atangulie kujulikana kwa ukoo, kabla pete yake haijaonekana kidoleni. Mjane anayeonekana na pete kabla ya hodi amewapita wakwe zake mlangoni. Nilikuwapo siku Mama alipoiweka yake juu ya mchele. Nilikuwapo, na bado jioni ile niliona kidole kinachofaa kwa kipimo, basi.

Asubuhi tuliitazama simu pamoja. Mstari wa moyo ulikwenda vizuri, ukayumba, ukaruka. Mstari wa hewa ya damu ulikuwa na mashimo, moja baada ya jingine, kama barabara ya Salamabila wakati wa mvua.

"Inasema nini?" Mama aliuliza.

"Inasema pumzi yako inasimama."

"Inasimama wapi na mie niko hapa naongea na wewe?"

"Ukiwa umelala, Mama. Inasimama, halafu inaanza tena."

"Kama inaanza tena, basi inapumzika. Hata wewe ukilima unapumzika." Aliisogeza simu mbali kidogo na macho. "Na hizi rangi?"

"Nyekundu ni mubaya."

"Nani alisema?"

Alivaa kandambili zake akaenda sokoni kuuza sombe, yale majani ya mihogo, na pete akaenda nayo, kwa kuwa nilikuwa nimemwomba aizoee.

Habari ya pete ya Mama ilitoka sokoni kabla sombe haijaisha. Jioni alikuja jirani yetu, mwanamke anayeuza mafuta ya mawese na ambaye hajawahi kuingia kwetu bila kucheka kwanza. Aliketi, akaomba maji, akayanywa taratibu, huku akiutazama mkono wa Mama.

"Dada, wali iko siku gani?"

"Wali ya nini?"

"Basi mutanialika hata kuosha vyombo. Mie siko mutu wa majivuno."

"Hii ni ya mutoto," Mama alisema. "Inapima usingizi."

Jirani alinigeukia, akanipima kwa macho, akamrudia Mama.

"Aah. Inapima usingizi." Alijipiga paja. "Ndiyo, dada. Ile yangu ya zamani nayo ilikuwa inapima usingizi. Ilinipimia watoto saba."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Nami nilicheka. Kwa siku chache tulifikiri jambo limeishia katika kicheko hicho. Ila kati ya Kasongo na Kabambare kuna pikipiki zinazobeba chumvi, sabuni, wafanyabiashara na maneno, na kati ya mizigo yote hiyo maneno ndiyo yasiyodondoka njiani. Kabla ya juma la pili kumalizika, dereva mmoja alisimama mbele ya kibaraza, vumbi la njia likiwa bado nyusini, akasema ametumwa na baba mkubwa. Ujumbe ulikuwa mfupi, naye alikuwa ameukariri: "Tumesikia. Mwambieni huyo bwana aje ajulikane."

Mama alimpa maji na ndizi. Alipoondoka, aliivua pete, akaiweka ndani ya kikombe cha bati juu ya kabati, akaenda kuchambua mchele. Hakukasirika, na hilo lilinisumbua zaidi kuliko hasira.

Nilimweleza, kwa utulivu niliokuwa nimeuandaa, kwamba habari ya pete tutaisahihisha baadaye, kwamba linalotangulia ni pumzi yake, na kwamba inafaa twende hospitali kubwa ya hapa mjini wampime moyo, shinikizo la damu na koo.

"Niende lopitali sasa hivi?" alisema. "Watasema naenda kupimwa mimba."

"Mama."

"Niko nacheka." Alirusha punje moja ya mchele mbovu kwa kuku. "Lakini sikia. Mugonjwa wa nyumba hii haendi lopitali kama mukubwa wa baba yako hajasikia. Hata wewe ulipougua malaria mbaya, baba yako alituma mutu Kabambare kwanza. Kisha njo tukakupeleka. Mie siwezi kuwa na pete bila wao, niwe na ugonjwa bila wao. Watasema nimeondoka kabisa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo utamupigia. Mie nikimupigia, nitakuwa najitetea. Wewe ni mama yake."

Nilisema nitampigia kesho.

Sikumpigia kesho yake, wala siku iliyofuata. Nilikuwa na sababu, na kila sababu ilionekana nzuri asubuhi na duni jioni. Nikianza na pete, nitaonekana nimekuja kuomba radhi, na habari ya pumzi itaonekana ni kisingizio. Nikianza na pumzi, ataogopa, na atakapofika kwenye pete ataona nilimtisha ili asikasirike. Nilipanga sentensi kwa Kiswahili kisha nikazijaribu kwa Kibangubangu, lugha ya nyumbani kwa Baba, ambamo mimi huonekana mdogo kuliko umri wangu. Niliandika hata mpangilio wa hoja, na nilipouona umekaa kwenye karatasi kama sura ya tasnifu, nikauchana. Chini ya hayo yote palikuwa na jambo moja lisilo na hoja yoyote. Niliogopa kuisikia sauti ya baba mkubwa ikisema "Mama" kwenye simu.

Huku nyuma, Mama aliendelea kulala mchana, nami nikaendelea kuketi mlangoni. Pete ilikuwa kikombeni. Sikuwa tena na mistari; nilikuwa na masikio peke yake.

Ilikuwa siku ya joto zito kabla ya mvua ya kwanza. Mama alikuwa amelala chali, kikwembe kimemfunika miguu, mkono mmoja juu ya kifua. Mkoromo ulikwenda, ukakatika. Kifua kilijaribu kupanda, hakikupanda. Nilingoja ile sauti ya kutoka majini na haikuja, na bado haikuja, na nikagundua nimekwisha kupiga magoti kando ya mkeka. Nikamshika bega.

Alivuta pumzi ndefu. Bila kufumbua macho, akasema kwa sauti ya mwanamke kijana, yenye uchovu kidogo na deko kidogo:

"Nimerudi, nimerudi. Acha kunitikisa."

Akageukia ubavu na kuendelea kulala.

Nilibaki pale, kiganja kikiwa begani mwake. Nilisikia moto wa Kabambare ukilia na chai ikichemka, nikamwona Baba akikunja mikono ya shati. Nilimukuta kwa muto. Nikamushika bega, nikamurudisha. Tulikuwa tumecheka kila asubuhi ya utoto wetu, midomo imejaa viazi. Alikuwa akituambia kila asubuhi, kwa namna ambayo watoto wangeweza kuisikia bila kuogopa. Sijui kama yeye mwenyewe aliuona kuwa ni ugonjwa. Nadhani aliuona kama sehemu ya kuoa: wengine huoa mwanamke mwenye usingizi mwepesi, yeye alioa mwanamke anayekwenda Wamaza, na kazi yake ilikuwa kumfuata hadi mtoni. Aliamkaje kwa wakati, yeye aliyekoroma kuliko sisi wote? Nimelifikiria swali hilo mara nyingi na sijalipatia jibu. Labda mkono ulikuwa pale begani kabla ya yote.

Na tangu alipokwenda Kabambare na asirudi, Mama alikuwa akifika mtoni peke yake na kujirudisha mwenyewe.

Mvua ilianza, nikatoka mbio kukusanya mpunga. Mama aliamka, akaja kunisaidia kukunja mkeka wa nje. Tulipomaliza tulisimama chini ya paa, tumelowa mabega.

"Mama," nilisema, "Baba alikuwa anakushika bega namna gani?"

Aliupangusa mkono wake uliolowa. Kisha akaweka vidole viwili juu ya bega langu, karibu na shingo, na kubonyeza kidogo, kama mtu anayejaribu kama parachichi limeiva.

"Hivi," alisema. "Hakuwa mutu wa kutikisa. Wewe unatikisa sana."

Asubuhi iliyofuata tulipanda pamoja hadi kwenye kile kimlima nyuma ya kanisa la matofali ya zamani, mahali ambapo mtandao haukatiki. Sikuwa na karatasi. Mama alisimama hatua chache kutoka kwangu, akijifanya anakagua vitunguu vya mwanamke aliyekuwa akiviuza pale chini ya mwavuli. Nilibonyeza namba niliyokuwa nikiiruka.

Ilipokelewa upesi kuliko nilivyotarajia.

"Mama?" alisema baba mkubwa. Kisha, kabla sijajibu, "Nani amekufa?"

Sikuwa nimelitazamia swali hilo katika mipango yangu yote. Kumbe na yeye namba yangu ilimfanyia hivyo hivyo.

"Hakuna mutu amekufa, Baba mukubwa. Shikamoo."

"Marahaba." Niliisikia pumzi yake ikishuka. "Marahaba, mama. Basi sema. Watu ni wazima?"

"Wazima. Ninyi mumelalaje?"

"Tumelala. Mwanaume yule anakuja lini?"

"Hakuna mwanaume."

Mbuzi alilia upande wake wa simu.

"Namna gani hakuna mwanaume na pete iko?"

"Pete ni yangu. Ni chombo cha kupima usingizi. Nilimuvalisha mie, juu kidole ingine ilikataa."

"Wewe ndiye umemuposa mama yako?"

"Ndiyo, Baba mukubwa."

Alicheka. Kilikuwa kicheko cha Baba, kile kinachoanzia puani, na nilihitaji kukiacha kipite kabla ya kuendelea.

"Na hii mbuzi?" alisema. "Nimeifunga hapa tangu Jumapili, nikasema huyo bwana asikute sisi maskini. Inanikulia mihogo. Nani ataikula?"

"Sijui."

"Mutu wa masomo makubwa, hajui. Haya. Kile chombo chako kilisema nini?"

Nikamwambia. Sikuanza na hoja. Nilimweleza juu ya kimya, na sauti inayokuja baadaye, na alasiri ile ambayo haikuja. Nilimwambia kwamba nataka kumpeleka hospitali na kwamba Mama hataki kwenda bila yeye kusikia. Nilipokuwa nikitafuta namna ya kumweleza habari ya Wamaza, alinikatiza.

"Ile ya muto," alisema.

"Unaijua?"

"Ndugu yangu alilala hapa kwangu mara ngapi? Akija peke yake hapati usingizi. Anageuka, anageuka. Namuuliza, una nini? Anasema, mukono yangu haijui pa kukaa." Mbuzi alilia tena, akamkaripia. Kisha akauliza, polepole, "Sasa nani anamurudisha?"

"Mie. Mchana. Lakini natikisa sana."

"Utajifunza." Alikohoa. "Mupeleke, mama. Mupeleke leo. Waambie wamuangalie vizuri, na munganga akitaka mukubwa wa kujibu, jibu ni mie. Sasa nipe shemeji yangu."

Nilimnyooshea Mama simu. Aliviacha vitunguu, akaifuta mikono kwenye kikwembe, upande mmoja kisha upande wa pili, akaipokea kwa mkono wa kushoto usio na kitu, na kuiweka sikioni kwa uangalifu.

"Shemeji," alisema, "siolewi. Ile mbuzi musiiuze. Nitakuja kuikula nikitoka lopitali."